Okidi za Nchi Kame: Shajara ya Mradi wa Dodoma

Oktoba 2024, mwanzoni

Kazi ya mradi huu ni moja: kujua ni okidi zipi zinazoishi zenyewe, bila kupandwa na mtu, katika Mkoa wa Dodoma na maeneo yanayoupakana, na zinaishi juu ya nini. Hiyo sehemu ya pili ndiyo nzito. Jina la spishi hupatikana kwa picha nzuri na subira, lakini ukiwa na jina tu, hujui mti, gome wala kivuli kinachoubeba mmea ule, hutaweza kuulinda hata ukitaka.

Mtanzania akisikia okidi anawaza ukungu wa Usambara na Uluguru, au nyika za Kitulo, zilizotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambako spishi 45 za okidi za ardhini zimeorodheshwa kwenye uwanda wa juu wa mita 2,600 hivi. Ana haki. Huku kwetu mji uko kwenye mita 1,100 na kidogo, mvua ya mwaka ni milimita 570 hivi, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Inabaki miezi saba ya jua na upepo mkavu wa kusini mashariki. Mmea uliokaa juu ya tawi, bila udongo, unapitaje miezi hiyo saba? Tumeanza mradi kwa sababu ya swali hilo.

Tuko wachache: mwalimu wa baiolojia, mwenye kitalu cha miche, afisa misitu mstaafu, na vijana wawili wanaopenda kupiga picha. Tumekubaliana mambo mawili. Kwanza, mmea uliokaa salama haung'olewi hata kama ni mzuri kiasi gani. Picha, kipimo cha mti na maelezo vinatosha. Pili, hatutaandika mahali kamili pa mmea wowote. Familia nzima ya okidi iko chini ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe pori, spishi nyingi zikiwa kwenye Kiambatisho cha Pili, na bado wapo wanaozifuata porini kwa gunia na panga.

Oktoba, mwishoni

Barabara ya Iringa, kuelekea Mtera. Nchi imekauka hadi ardhi imepasuka, mibuyu haina jani. Ndipo unapogundua kwamba huu ndio mwezi mzuri wa kutafuta okidi za mitini: hakuna majani ya kukuficha kitu. Chochote cha kijani juu ya tawi kinaonekana kutoka mbali.

Tulikuwa na bahati ya kumpata mzee mmoja mrina asali, mwenye mizinga yake kwenye miti ya bondeni. "Mbukwenyi, wanangu," alitusalimu, akasikiliza tunachotafuta, akatazama picha kwenye simu kwa muda mrefu. Halafu akasema: "Huu naufahamu. Unakaa kwenye mti wenye uma mpana. Nikipandisha mzinga nauhurumia, siukanyagi." Akatupeleka kwa miguu hadi kwenye mbuyu mkubwa, na pale juu, penye uma wa matawi mawili, lilikaa bonge la *Ansellia africana* ambalo watu wawili wasingeliweza kulikumbatia.

Lilikuwa na maua. Petali za manjano zenye madoa ya kahawia, makumi kwa makumi kwenye mashada yaliyotawanyika. Mabua yake ni manene, yamesimama, mengine yanazidi sentimita 60, na ndani yake mmea huhifadhi maji na chakula. Lakini kilichotushika zaidi ni mizizi. Mbali na ile inayong'ang'ania gome, kuna mingine membamba, myeupe, iliyochongoka, inayoota kuelekea juu, imezunguka shina zima. Hii inadaka majani makavu, vumbi, manyoya na vinyesi vya ndege vinavyodondoka kutoka matawi ya juu. Takataka hizo huoza polepole pale pale. Mmea usio na udongo umejitengenezea udongo wake hewani.

John Lindley aliueleza mmea huu kitaalamu mwaka 1844 na kuupa jina la John Ansell, mkulima wa bustani aliyekuwa kwenye msafara wa Mto Niger mwaka 1841 na kuuona kisiwani Fernando Po. Unapatikana kuanzia Afrika Magharibi hadi kusini mwa bara, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imeuweka katika kundi la spishi zilizo hatarini kiasi. Sababu ni mbili: wakusanyaji, na miti inayokatwa.

Mzee alituuliza swali ambalo hatukulitarajia: kama okidi inanyonya mti. Tulimweleza kwamba hainyonyi. Alifurahi waziwazi, kwa sababu yeye alikuwa na mtazamo huo siku zote na majirani zake walimpinga.

Novemba

Joto la mwisho wa kiangazi. Hatukutembea sana. Tulirudi kwenye kichaka kimoja upande wa Hombolo ambako kijana wetu mmoja alipiga picha ya "mizizi isiyo na mmea", akadhani ni utando wa buibui uliokauka.

Ni *Microcoelia*, na kwa picha za vishada vyake vya maua meupe madogo mno, kila ua na kifuko chake cha mviringo nyuma, tunaamini ni *Microcoelia exilis*. Okidi hii haina majani kabisa. Shina lake ni fupi kuliko ukucha, na kila kitu kingine ni mizizi: mizizi ya kijivu iliyosokotana kwenye kijiti chembamba cha mti wa miiba. Usanisinuru, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kazi inayofanywa na majani kwa mimea mingine, hapa unafanywa na mizizi yenyewe.

Tulinyunyizia kipande kidogo cha mzizi maji ya chupa, tukatazama. Kijivu kiligeuka kijani papo hapo. Hiki ndicho kiini cha maisha ya okidi za mitini, kwa hiyo nakieleza kwa urefu. Mzizi umevikwa tabaka la seli zilizokufa, zilizo wazi ndani. Zikiwa kavu zimejaa hewa, zinarudisha mwanga na kuonekana nyeupe au kijivu, na zinaukinga mzizi usikauke. Tone likigusa, hata umande wa alfajiri, seli hizo hulifyonza mara moja na kulishikilia hadi mzizi hai wa ndani ulichukue. Tabaka hilo linapojaa maji huwa angavu, na kijani cha ndani hujitokeza. Manyunyu ya dakika chache, ambayo mahindi hayayahesabu kabisa, kwa okidi ni mlo.

Kuna na jambo la pili. Okidi nyingi za mitini katika nchi kame hufunga vinyweleo vya majani mchana na kuvifungua usiku. Hewa ukaa huingia gizani, huhifadhiwa kama asidi, na jua likichomoza mmea huitumia milango ikiwa imefungwa. Hivyo maji machache yanapotea. Nanasi na mkonge hufanya vivyo hivyo, na hapa Dodoma, ambako usiku hupoa hata baada ya mchana wa jua kali, mbinu hiyo inalipa.

Jibu la swali letu la Oktoba, basi, si kwamba okidi inavumilia ukame kwa ubishi tu. Inakusanya kidogo kidogo kutoka hewani, na inakitunza ilichopata.

Desemba

Mvua za kwanza zimeshuka, na pamoja nazo matingatinga. Tangu Dodoma ipewe hadhi ya jiji mwaka 2018 viwanja vinapimwa kila upande, na viwanja husafishwa kabla ya msimu wa ujenzi. Sitalaumu watu kujenga nyumba. Ila usafishaji wa kufyeka kila kitu hadi udongo mtupu, kisha kununua miche ya kivuli mwaka unaofuata, unaniumiza.

Mwenyekiti wa mtaa mmoja wa pembezoni alitupigia simu, na hilo peke yake ni hatua kubwa. Mgunga mkubwa ulikuwa umeshaangushwa, na juu yake kulikuwa na *Ansellia* mbili. Kwa idhini ya mwenye kiwanja tuliziondoa. Naandika tulivyofanya ili mwingine asianze gizani:

Gome lilikatwa pamoja na mizizi kwa patasi, tusiing'oe mizizi kutoka kwenye gome. Mabonge mawili tuliyabeba kwenye turubai lenye unyevu, tukayaacha siku moja kivulini ili vidonda vikauke. Tulichagua mti wa aina ileile uliosimama ndani ya uzio wa shule, upande unaopata jua la asubuhi na kivuli cha saa nane. Tuliyafunga kwa vipande vipana vya nguo na kamba ya katani, kwa nguvu ya kutosha yasitikisike hata kwa upepo, maana ncha ya mzizi mpya ikisuguliwa na gome hufa. Hakuna udongo, hakuna mbolea, hakuna gunia la kuzuia hewa. Watoto wa darasa la tano wanamwagilia alfajiri kwa kopo moja pale mvua inaporuka siku kadhaa.

Wiki hiyohiyo, chini, kati ya mawe ya kichaka kilichokuwa pembeni ya kiwanja, tulikuta *Eulophia petersii*. Ukipita haraka utasema ni mkonge mwitu: majani manene, magumu, yenye kingo za kukwaruza. Tofauti ni mabua ya kijani yaliyovimba chini ya majani, na shina la maua linalopanda hadi kumzidi mtu kimo. Sepali zake za kijani na kahawia hujikunja kurudi nyuma, na mdomo wa ua ni mweupe wenye mistari ya zambarau. Hii ni okidi ya ardhini inayopatikana kuanzia Uarabuni hadi Afrika Kusini, na ni mpenzi wa vichaka vikavu. Mwenye kiwanja alipoiona imechanua aliamua mwenyewe kuuacha ule upande wa mawe kama ulivyo. Hatukumshawishi kwa neno lolote.

Januari 2025

Watu wote mashambani. Jambo moja tu la kuandika.

Mama mmoja wa Chamwino alitueleza kwamba kila mwaka anakwangua "magugu" kwenye miembe yake ili yasiinyonye. Tulikwenda kuona. Alikuwa akiondoa mimea miwili tofauti kwa pamoja. Mmoja ni kimelea halisi, wenye majani ya ngozi na maua mekundu ya mirija, na tawi limevimba pale ulipoingia. Huo kweli unanyonya. Wa pili ulikuwa okidi changa. Tulimwonyesha namna ya kutofautisha: shika mzizi, ufuate. Mzizi wa okidi unatambaa juu ya gome na unaweza kuuona mwanzo hadi mwisho, ila wa kimelea unazama ndani ya mti. "Kumbe huyu amepanga tu chumba," alisema, "wala hali chakula changu." Tangu siku hiyo tunatumia maneno yake kila tunapoelimisha watu, kwa sababu yanaeleweka kuliko yetu.

Februari

Mpwapwa, milima ya Kiboriani. Tulipata kibali cha kuingia msituni, tukapanda na mgambo wa misitu.

Ni dunia nyingine, na ni mwendo wa saa chache tu kutoka mji mkavu. Mawingu yanagusa vilele, gome la mti lina kuvumwani (kuvu na mwani wanaoishi pamoja) wa rangi, na okidi hapa hazihesabiki kwa bonge moja moja. *Polystachya* ndogondogo zimejaa kwenye matawi ya mlalo, na maua yake yamegeuka kichwa chini miguu juu, mdomo ukiwa upande wa juu. Katika okidi nyingi, ua changa hujizungusha nusu duara kabla ya kufunguka, ili mdomo uwe chini na mdudu apate pa kutua. *Polystachya* haifanyi hivyo.

Tuliona *Aerangis* pia, nyeupe, ikining'inia kwenye shina lenye kivuli juu ya korongo. Mgambo alituambia twende pale tena jioni. Tulikwenda. Mchana hakukuwa na harufu yoyote, lakini giza lilipoingia tuliinusa kabla ya kuiona.

Msitu wa aina hii ndio unaoyashika maji ya vijiji vya chini, na mgambo analijua hilo kwa undani kuliko sisi. Alituonyesha tanuri la zamani la mkaa, na visiki vilivyolizunguka. Juu ya shina moja lililolala kulikuwa na okidi kavu, bado zimeshikilia.

Machi

Kondoa, hadi miombo ya Bereko. Nilikuwa na hamu kubwa na safari hii kwa sababu ya historia ya ardhi yenyewe. Mmomonyoko ulikuwa umeimeza Kondoa kwa makorongo, na mwaka 1973 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Ulikuwa uamuzi mzito kwa wafugaji, na wazee bado wanauzungumzia kwa uchungu. Lakini uoto ulirudi, na leo unatembea chini ya miti mahali palipokuwa mchanga mtupu.

Swali letu: je, okidi nazo zimerudi? Kwa tuliyoyaona, zimerudi nyuma sana ya miti. Kwenye miombo mikongwe iliyobaki kwenye miinuko kuna *Ansellia*, kuna *Cyrtorchis* yenye maua meupe yanayogeuka rangi ya machungwa yakizeeka, kuna *Polystachya*. Tukishuka kwenye miti iliyoota upya, yenye shina nene na kivuli kizuri, tunakuta matawi matupu kwa mwendo mrefu, kisha okidi moja ndogo, tena karibu na mti mkongwe.

Nadhani hili ndilo jambo muhimu kuliko yote tuliyokwisha andika humu. Mti unaweza kurudi ndani ya kizazi kimoja. Gome lenye nyufa, kuvumwani, vumbi lililooza na kuvu waliozoea kuishi pale havirudi kwa kasi hiyo. Ndiyo maana mti mmoja mkongwe ulioachwa katikati ya shamba una thamani isiyolingana na miche mia moja, ingawa miche hiyo nayo tunaitaka.

Aprili

Mvua zinafunga. Katika kichaka cha upande wa Chenene *Bonatea steudneri* imechanua: okidi ya ardhini, maua ya kijani na meupe yenye vipande vingi vyembamba hata huelewi ua linaanzia wapi. Nyuma ya kila ua kuna mrija wa nekta unaozidi sentimita 10. Nyuki hawezi kufika chini yake. Inamhitaji nondo mwenye ulimi mrefu, anayeruka usiku.

Charles Darwin, alipoletewa okidi ya Madagaska yenye mrija wa karibu sentimita 30, aliandika mwaka 1862 kwamba lazima kuna nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Nondo huyo alikuja kutajwa rasmi mwaka 1903, wakati Darwin ameshafariki. Ndugu zake wa jenasi ileile, *Xanthopan*, wapo huku bara Afrika Mashariki. Tumeanza kukaa usiku karibu na *Bonatea* kwa taa nyekundu. Nondo wakubwa wamekuja, na picha moja inaonyesha mmoja akiwa na vifurushi vya chavua vilivyonata kichwani. Okidi haimwagi chavua kama vumbi. Inaifunga kwenye vifurushi na kuvibandika mwilini mwa mgeni wake. Bila mgeni huyo, hakuna mbegu.

Taa kali za mabango na vituo vya mafuta zinazidi kuenea pembezoni mwa jiji, na nondo hufuata taa. Hili tutalitazama kwa karibu msimu ujao.

Mei

Kazi ya mbegu. Matunda ya *Eulophia* yamekauka na kupasuka. Ndani kuna mbegu nyingi mno, nyepesi kuliko unga wa sembe, zinazopeperuka ukizipumulia. Hazina akiba ya chakula. Mfaransa Noël Bernard alitambua mwaka 1899 kwamba mbegu ya okidi huota pale inapoingiwa na kuvu anayeilisha. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani akaonyesha kwamba zinaweza kuoteshwa maabara kwa sukari na madini bila kuvu, na biashara ya okidi za maua duniani imesimama juu ya kazi hiyo.

Sisi hatuna maabara, na tunachotaka kujua si namna ya kuzizalisha kwa wingi. Tunataka kujua kuvu yuko wapi. Kwa hiyo tumeweka mbegu kidogo kwenye vifuko vya neti laini ya nailoni, neti ambayo inazuia mbegu isitoke lakini inaruhusu nyuzi za kuvu kuingia, na kuvizika kwa kina cha vidole viwili: vingine karibu na mmea mzazi, vingine mbali kidogo, vingine kwenye shamba lililolimwa, vingine kwenye uwanja uliosafishwa kwa tingatinga. Kila kifuko kina uzi wa rangi na alama. Mbegu zikivimba karibu na mzazi na kubaki zilivyo kwenye uwanja uliosafishwa, tutakuwa na ushahidi wa kuonyesha halmashauri.

Jambo moja linalohusu kusini linatugusa. Katika Nyanda za Juu Kusini viazi vya okidi za ardhini, *Disa*, *Satyrium* na *Habenaria*, huchimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko. Kiazi kikichimbwa mmea umekwisha. Vijana wetu wanapochapisha picha, wanaombwa wasiitaje thamani ya fedha ya kiazi chochote. Dodoma bado haijaingia kwenye biashara hiyo, na tunataka ibaki hivyo.

Julai

Usiku ni baridi, upepo umeanza. Taarifa ya *Ansellia* za shuleni: bonge kubwa limetoa mizizi mipya yenye ncha za kijani, imeshika gome kwa nguvu zake, na kamba zimeondolewa upande mmoja. Bonge dogo limepoteza mabua mawili lakini chipukizi moja lipo. Walimu wameomba kibao cha maelezo kwa Kiswahili, na mwenye kitalu anakichora.

Wakulima wanaofanya kisiki hai, wale wanaochagua machipukizi ya visiki shambani na kuyapogolea yawe miti, wamekubali kuongeza kipengele kimoja kwenye mazungumzo yao ya vijiji: kila shamba lenye mti mkongwe liuache, na anayepogoa asikwangue kilichokaa juu yake kabla ya kufuata mzizi kwa kidole.

Kilichobaki kwa msimu ujao: kibali cha msitu wa Mang'alisa kusini mwa Mpwapwa, ambao hatujaufikia, vichaka vya Itigi upande wa Manyoni, ambavyo vimefyekwa sehemu kubwa na vinahitaji kuorodheshwa haraka, kufukua kundi la kwanza la vifuko vya mbegu mvua zikikolea Januari, na darubini ya pili, kwa sababu iliyopo inagombaniwa. Mzee mrina asali ametuma ujumbe kwamba ameona "mmea wa uma mpana" kwenye miti mingine mitatu akielekea mizinga yake ya mbali. Tunakwenda Agosti, kabla upepo haujaangusha matawi.